Siti Niliyoikataa

Mwanangu aliniambia habari ya safari ile siku ya Ijumaa, mdomo wangu ukiwa umejaa pilau. Nadhani alifanya makusudi. Ananijua: nikiwa na chakula mdomoni siwezi kupiga kelele. Akaisukuma simu yake mezani mpaka ikafika karibu na sahani yangu, akasema, "Mama, soma hii. Nimekuwekea siti."

Nikavaa miwani. Lilikuwa tangazo la ziara ya siku moja Dodoma. Mnaondoka na treni ya umeme saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya saa nne mmeshafika, basi dogo linawachukua mpaka mashambani, mnatembezwa kwenye mizabibu, mnakula chakula cha mchana, kisha mnapelekwa kiwandani kuonja waini. Jioni mnarudi Dar. Chini palikuwa na picha ya watu wazima na akili zao, wameinua glasi juu, wanacheka.

"Waini," nikasema.

"Na shamba, mama. Kuna shamba pia."

Aliyekuwa akiwaongoza watu hao ni huyu huyu mwanangu. Ana miaka ishirini na sita, ndiye mtoto wangu wa pekee, na baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu. Nimemlea kwa duka. Duka lenyewe ni dogo, lipo Kariakoo, nauza tende, zabibu kavu, lozi, korosho na viungo vya pilau, na tunaishi ghorofa ya tatu, mtaa wa pili kutoka hapo, upande wa Msimbazi. Alipomaliza chuo nilidhani atakaa na mimi dukani, au atapata ofisi yenye kiyoyozi pale mjini. Akapata kampuni ya kutembeza watalii. Mwanzo nilifurahi, nikajua ni mambo ya twiga na simba. Nilipokuja kuambiwa kwamba ni zabibu na mapipa ya waini, nilimtolea maneno ambayo siyarudii hapa, na la mwisho lilikuwa kwamba habari za kazi hiyo asiniletee ndani ya nyumba. Hakuleta. Mwaka mzima alitoka, akarudi, akanisalimia, akala, akalala.

Na mimi mwaka mzima niliwadanganya watu. Wakiniuliza binti yako anafanya kazi gani siku hizi, nasema, "Yuko kwenye mambo ya tiketi za treni." Hasa nilimdanganya wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anayekaa Upanga. Yule akijua jambo asubuhi, adhuhuri ukoo mzima umeshapata habari, mpaka walioko Muscat.

"Kwa nini leo?" nikamuuliza mwanangu. "Mwaka mzima umekausha, leo ndiyo unaniletea siti?"

Akavuta pumzi. Akaniambia wakubwa wake wanataka ahamie Dodoma moja kwa moja, akasimamie kazi yote ya kule. Nyumba watampa. Hajawajibu bado. "Siwezi kuondoka bila radhi zako, mama. Na wewe huwezi kutoa radhi kwa kitu ambacho hujakiona. Njoo Jumamosi ya wiki ijayo uone kwa macho yako. Ukisema hapana baada ya kuona, nitabaki."

Yaani mpini alinikabidhi mimi. Mtoto gani wa siku hizi anafanya hivyo? Ningekuwa na akili ningesema alhamdulillahi, nikamkumbatia, nikaanza kutafuta viatu vya shambani. Badala yake nikafanya jambo la Kikariakoo.

Sisi watu wa Kariakoo hatusemi ndiyo mara ya kwanza. Mteja anauliza bei, anashtuka hata kama hajashtuka, anaweka kitu chini, anaondoka. Haondoki haraka. Muuzaji naye anamwacha afike kwenye duka la jirani, halafu anaita, "Njoo basi dada, njoo tuelewane!" Hapo ndipo biashara inaanza. Kabla ya hapo ilikuwa salamu tu. Mimi nimekulia humo na sijui njia nyingine. Hata posa yangu wazee wangu waliikataa mara ya kwanza, na huku mama alishaanza kunipangia sanduku. Upande wa mume wakarudi baada ya wiki mbili na maneno matamu zaidi, na kila mtu akafurahi.

Basi nikaisukuma simu irudi upande wake. "Siendi. Mimi na umri huu nikakae na walevi? Tena Jumamosi, siku ya biashara? Na magoti haya? Aka!"

Nikainuka na sahani yangu, nikaenda jikoni. Nilikwenda taratibu. Nikafungua bomba, halafu nikalifunga ili nisikie vizuri. Nilikuwa nasubiri aniite. Angesema tu "mama, njoo basi," ningelalamika kidogo, ningeuliza habari ya chakula, ningeuliza habari ya swala, mwisho ningesema haya, nakwenda kwa ajili yako.

"Sawa, mama," akasema kutoka mezani. Nikasikia anachukua mkoba wake. Mlango ukafungwa, akaenda zake kazini.

Sawa! Sawa gani ile? Nilibaki nimesimama na sponji mkononi kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya.

Wiki iliyofuata sikukaa. Kesho yake, Jumamosi, nilifungua duka nikiwa na hakika kwamba jioni atayarudia mazungumzo. Hakuyarudia. "Shikamoo, mama." "Marahaba." "Umeshindaje?" "Salama." Akanywa chai, akaosha kikombe, akaingia chumbani. Jumapili vivyo hivyo. Alikuwa na adabu zote, wala hakununa, na hicho ndicho kilichokuwa kinanipandisha presha. Angenuna ningejua pa kumshikia.

Dukani nikawa siko sawa. Mteja kaomba lozi, nampimia korosho. Nikapanga upya makopo ya viungo, mdalasini nikaupeleka juu, iliki chini, kisha nikarudisha yote yalivyokuwa. Nakaa, nainuka. Natoka kibarazani kutazama mtaa, wasukuma mikokoteni wananipigia kelele, "Mama, pisha!" narudi ndani. Na moyoni nabishana mwenyewe. Nikitaka kwenda najiuliza, ya nini mtu wa miaka hamsini na nane kuamka alfajiri aende kutazama miti, arudi jioni na miguu imevimba? Na pale watakapomimina waini, mimi nitakaa wapi? Nitatazama wapi? Nikitaka kubaki nakumbuka maneno yake, kwamba nikiona na kukataa atabaki. Basi kwenda kuna faida. Nakwenda, naona, narudi, nasema hapana, mambo yamekwisha, mtoto wangu haendi popote. Wazo hilo lilinitia aibu mimi mwenyewe, lakini nakiri nililiwaza, tena si mara moja.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mama anayeuza ndoo na vyombo vya plastiki, aliwahi kwenda ziara kama hiyo na mumewe. Jumatatu nikamuuliza juu juu, kama mtu anayepitisha muda. "Hivi ile safari yenu ya Dodoma ilikuwa ya maana?"

"Maana gani, mama yangu! Jua la kule linachoma, vumbi mpaka kwenye meno."

Nikafurahi sana. Nikawa nimeshageuka kurudi dukani kwangu, naye akaongeza, "Ila mume wangu, yule mtu wa kukunja uso, alikaa pale chini ya mizabibu akaanza kunisimulia alivyokuwa mtoto. Miaka kumi na tisa ya ndoa nilikuwa sijayasikia. Mimi ningerudi hata kesho."

Nikamwambia asante, na furaha yangu ikaishia hapo hapo.

Jumatano, wakati wa chai ya asubuhi, nikamtega mwanangu. "Hiyo safari yenu ya Jumamosi, watu wanakwenda?"

"Wanakwenda, mama."

"Na wazee?"

"Na wazee."

Akaendelea kupaka siagi kwenye mkate. Nikangoja. Jamani, si hapo ndipo pa kuniita? Mimi nimesharudi mwenyewe mpaka mlangoni mwa duka, nimeshika kitambaa mkononi, muuzaji ananitazama tu! Hasira zikanipanda, nikamwambia siagi hiyo ni ya wiki nzima, asiimalize. Akaweka kisu chini, akasema, "Samahani, mama." Nilijichukia siku nzima.

Alhamisi asubuhi, wateja walipopungua, nikachukua simu ya duka, ile mpya ya kupokelea oda, ambayo mwanangu namba yake hana. Tangazo alikuwa amenitumia kwenye simu yangu siku ile ile ya Ijumaa. Nikaitafuta namba ya ofisi yao, nikapiga. Nilitaka kuuliza kama mteja yeyote. Nilijua yeye hapokei simu, kazi yake ni kutembeza watu, atapokea msichana mwingine, nitauliza yangu, nitaamua, na hakuna atakayejua. Nikaibana sauti yangu ikawa nyembamba.

"Halo?"

"Karibu sana, habari za asubuhi. Nikusaidie nini?"

Ni yeye. Wallahi ni yeye, lakini kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwangu, sauti tulivu ya mtu mzima, isiyo na haraka wala woga. Nilitaka kukata. Kidole kikagoma.

"Naulizia ziara ya Dodoma," nikasema kwa sauti yangu ile ya bandia. "Chakula ni cha halali?"

"Ndiyo, mama. Kwa wageni wetu Waislamu kuna mpishi wa Kiislamu, na vyombo vyake mbali."

"Na pa kuswalia?"

"Tunasimama msikitini adhuhuri. Ratiba nzima inasubiri mpaka watu wamalize."

"Na asiyekunywa? Wenzake wakianza mambo yao ya waini, yeye anafanya nini?"

"Haingii kiwandani, mama. Anabaki shambani kwenye kivuli, anapewa zabibu mbichi na maji baridi. Kule kiwandani wageni wanapokewa na watu wa kiwanda, kwa hiyo mimi nabaki nje na wale wasiokunywa."

"Wewe pia hunywi?"

"Mimi sinywi, mama. Sijawahi."

Nikakaa kwenye kiti. Hilo sikuwahi kumuuliza. Mwaka mzima nimelala nalo tumboni, naogopa jibu, na jibu lilikuwa jepesi namna hiyo. Nikasahau hata kubana sauti.

"Sasa binti mzuri kama wewe, hunywi, kwa nini unafanya kazi hiyo?"

"Kwa ajili ya shamba," akasema. "Siku ya kwanza niliposhika kichala cha zabibu kikiwa bado mtini, nilitoa simu nimpigie mama yangu. Anauza zabibu kavu tangu sijazaliwa. Zinakuja kwenye maboksi kutoka nje, anafungua boksi, anapima, anauza. Mti wake hajawahi kuuona. Nilitaka awe mtu wa kwanza kumwambia."

"Ukampigia?"

"Sikumpigia. Alikuwa amenikataza kuleta habari za kazi hii nyumbani."

Na ndipo wifi yangu alipoingia dukani, na baibui lake jipya na mkoba wake wa ngozi. Alhamisi huwa anapita. "Salaam aleikum," akasema, akavuta kigoda, akaingiza mkono kwenye debe la zabibu bila kuuliza, kama kawaida yake. Nikamjibu kwa kichwa. Ningeweza kukata simu pale, nikasema ni mteja msumbufu. Nilikuwa nimeshazoea uongo mkubwa kuliko huo.

Sikukata. "Jumamosi hii kuna nafasi?" nikauliza.

"Zimejaa, mama. Kulikuwa na siti moja nimemtunzia mtu, alisema haji. Jana nimeitoa."

"Jana! Hukuweza kumngoja?"

"Nimemngoja siku tano."

"Sasa si ungembembeleza kidogo?" Nilikuwa nimeshapandisha sauti, wifi akainua macho. "Mtu anaambiwa mara moja tu, halafu basi? Mtu mzima anatakiwa abembelezwe, bwana! Anatakiwa aitwe!"

Nilisikia feni ya ofisi yao.

"Mama," akasema, na sauti ya ofisi ilikuwa inaanza kumponyoka, "mimi nimembembeleza mwaka mzima. Kila siku niliporudi nyumbani nikakaa mezani naye, nilikuwa nambembeleza. Yeye ndiye alikuwa hasikii."

Nikaziona jioni zote zile. Anakaa mezani na chai imeshapoa, ananitazama, na mimi nazungumza habari za bei ya iliki. Nilidhani amechoka na kazi. Nilikuwa hata namwambia akalale.

"Jumamosi inayofuata, je?" nikauliza.

"Ipo nafasi. Niandike nani?"

Wifi alikuwa ameacha kutafuna. Macho yake yalikuwa kwenye simu, na masikio yake nayajua. Nikamtazama usoni, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, ile ambayo mtaa mzima unaijua:

"Andika mama yako."

"Ni nani huyo?" wifi akauliza.

"Ni binti yetu," nikamwambia. "Hauzi tiketi za treni, wifi, nilikudanganya. Anaongoza watu kwenye mashamba ya zabibu Dodoma, na kwenye waini wanafika. Yeye hanywi. Sasa umeshajua, kawaambie na wa Muscat."

"Astaghfirullah," wifi akasema. Lakini alisema polepole, na mkono wake ukarudi kwenye debe.

Nikarudi kwenye simu. Mwanangu alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Mama, nilikujua tangu uliposema halo. Hakuna mtu mwingine anayesema halo kama anataka kugombana."

"Basi ukaninyamazia!"

"Ulikuwa unaniuliza vizuri. Sikutaka uache." Akapenga kamasi. Halafu akasema, na hapo kicheko kilikuwa kimekwisha, "Lakini mama, Jumamosi hiyo itakuwa umechelewa. Wakubwa wanataka jibu Jumatatu hii. Nilitaka uone kwanza, ndiyo maana nikakutunzia ya wiki hii. Sasa sijui niwaambie nini."

Hapo nikaelewa nilichokifanya kule jikoni na bomba langu. Nilipewa nafasi ya kuona kabla ya kusema, nikaiacha ikaenda kwa mtu mwingine, mtu ambaye labda anakwenda kupiga picha tu. Sasa ilikuwa niseme hapana bila kuona, au niseme ndiyo bila kuona. Na ile hesabu yangu ya kwenda, kutazama na kurudi na hapana mfukoni nayo ilikuwa imekufa.

Nilifikiria ghorofa ya tatu bila yeye. Nilifikiria chai ya jioni, kikombe kimoja. Roho iliniuma kweli, sifichi, iliniuma kiasi cha kutaka kusema mwanangu, waambie mama yako ni mgonjwa. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Waambie unakwenda," nikasema.

"Mama?"

"Radhi zangu unazo. Zote, za mama, na za baba yako pia nakupa mimi kwa niaba yake. Waambie leo, usingoje Jumatatu."

"Na kuona? Si nilisema huwezi..."

"Nitaona nikija. Niandike kwenye hiyo Jumamosi, na pesa nitalipa kama watu wengine, sitaki bure."

Nilimsikia akiuweka mkono kwenye simu ili nisimsikie, na nilimsikia hata hivyo. Wifi alininyooshea leso yake, ndipo nikajua kwamba na mimi nalia. Nje mtu alikuwa anaita bei ya vitunguu.

Mwanangu aliporudi kwenye simu alikuwa ameishika tena sauti yake ya kazini, au alikuwa anajitahidi. Akanieleza niwe stesheni mapema, nisisahau kitambulisho, nivae viatu vya kufunga. Kisha akaniuliza kama nitapenda siti ya dirishani, maana kuna milima mizuri njiani.

Nikamwambia aniweke popote anapopenda, mradi niwe namwona yeye.